Mdoli Aliyesemekana Ameuzwa

Wiki ya tatu baada ya kustaafu, Bi Mvuke aligundua kwamba hajui kukaa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mashine zinazonguruma na pasi ya rola yenye upana wa kitanda, na jina lenyewe la Mvuke alilipata humo humo. Aliyemtafuta aliambiwa, "Ingia tu, pale mvuke ulipo mzito kuliko kwingine, yeye yuko katikati yake." Sasa alikuwa nyumbani. Alikuwa amefua kila kilichofulika, pamoja na mapazia ya jirani, na saa ilikuwa bado nne ya asubuhi.

Jirani mwenyewe, mkunga aliyestaafu kabla yake na kwa hiyo mzoefu wa mambo hayo, alimkuta amepiga magoti anasugua kizingiti.

"Shoga, ukiendelea hivi utaufua na ukuta," alisema. "Vaa viatu. Twende mnadani tukaangalie mashuka."

Huko kwenye mitumba, mkunga alizama katika lundo la mashuka na Bi Mvuke akabaki amesimama pembeni, mikono imemkaa bure. Kando yake mwanamke mmoja alikuwa ametandaza turubai la vitu vya watoto: magari yasiyo na magurudumu, vikombe vya plastiki, dubu mwenye sikio moja. Katikati ya vitu hivyo ulichomoza mguu mdogo wa plastiki. Bi Mvuke aliinama akauvuta, na mguu ukamtoka na mwili mzima. Alikuwa mwanasesere mwenye kichwa na mikono na miguu ya plastiki ngumu na kiwiliwili cha kitambaa, nywele zimesokotana kama katani, hana nguo. Alipomwinua, jicho moja lilifumbuka. La pili lilibaki limefumba.

Muuzaji alisema, "Huyo analala na kuamka, mama. Jicho hilo limekwama kidogo tu."

Bi Mvuke hakusikia. Alikuwa amekwisha kukaa juu ya ukingo wa turubai la watu.

*

Watoto wake ni wawili, na aliwalea peke yake, kwa kuwa baba yao alifariki wakati yule mdogo hajajifunza kutembea. Wakati wa jambo hili binti alikuwa na miaka tisa na mvulana sita. Kwenye kona ya kituo cha basi la kwenda hospitali palikuwa na duka la vitu vya watoto, na dirishani mwa duka hilo alikaa mwanasesere mwenye gauni la njano, au ndivyo Bi Mvuke alivyomkumbuka. Mwenye duka alikuwa mtu wa mzaha. Watoto wakijazana nje, alimlaza yule mwanasesere, macho yakafumba, alimwinua, yakafumbuka, na watoto walicheka kila mara kana kwamba hawajawahi kuona.

Jioni moja binti alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema kama anayesoma shairi mbele ya darasa: "Mama, naomba mdoli wa dirishani. Sitaomba kitu kingine mwaka mzima."

"Nikijaliwa," alisema mama yake.

Baada ya siku chache alirudia, maneno yale yale, mikono nyuma vile vile. Mama akasema tutaona.

Kilichomkera Bi Mvuke miaka yote iliyofuata ni kwamba mwezi ule uwezo alikuwa nao. Angekuwa hana, angelala usingizi wake bila deni la moyo, maana kukosa si kosa. Lakini alikuwa nao, na aliyaona mapazia. Yalikuwa mapazia mazito yenye maua mekundu, na wenzake wa kazini walikuwa wameahidi kuja kumtembelea, na dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa khanga kuukuu. Pia alilelewa na mama mkali aliyeamini kuwa kitu kisichopika wala kufagia hakina haja ya kuingia ndani ya nyumba. Akanunua mapazia. Binti alipokuja mara ya tatu, Bi Mvuke alimjibu bila kumtazama, huku akichoma sindano kwenye pindo: "Nilikwenda kuuliza. Ameuzwa."

"Ameuzwa?"

"Ameuzwa, juzi. Kalete kiti nipande."

Siku mbili baadaye basi liliwashusha njiani, wakalazimika kupita kwa miguu mbele ya duka lile. Binti alikuwa mkono wa kulia, mvulana mkono wa kushoto. Mwanasesere alikuwa pale pale, ametulia na gauni lake, anawatazama. Binti alitazama dirishani, akamtazama mama yake usoni, kisha akatazama chini. Bi Mvuke aliongeza mwendo kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mvulana alikuwa anatazama wapi, hilo hakulikumbuka kamwe.

Binti hakuomba tena. Alikua, akawa mtu mzima mwenye sauti ya juu na gereji yake mwenyewe ya pikipiki, akaolewa, akazaa, na hajawahi hata siku moja kulitaja jambo lile. Kwa Bi Mvuke, kutotajwa huko ndiko kulikuwa mwiba. Alikuwa amewahi kudanganya watu wakubwa kwa mambo makubwa zaidi na akasahau. Ule uso mdogo ulioinuka kumtazama, ukashuka, haukumtoka.

*

Kwa hiyo alimnunua mwanasesere wa turubai, akarudi naye nyumbani bila mashuka, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alikuwa na kazi.

Kufua alijua. Plastiki aliisugua kwa kitambaa laini na sabuni ya kipande. Kiwiliwili cha kitambaa kilikuwa na doa la kahawia mgongoni, na mtu asiyejua angelikimbilia kwa maji ya moto na kulipika lisitoke milele. Yeye aliliwekea chumvi na maji baridi, akasubiri, akalipapasa kwa vidole bila kulisugua, akarudia mara nne. Nywele alizichambua nyuzi kwa nyuzi kwa kitana cha meno mapana. Alimkausha kivulini, amemwegemeza kwenye kikapu cha vibanio, na mkunga alipochungulia juu ya ua aliuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Anapata nafuu," alisema Bi Mvuke. "Jicho tu."

Alimshonea gauni la njano. Siku ya pili akamfunga katika karatasi, akamtia kwenye mfuko, akaenda gerejini kwa binti yake.

Wateja walimwita binti huyo Mama Spana, na hakuna aliyemwita kwa dharau, kwa kuwa pikipiki aliyoshindwa kuitengeneza yeye ilikuwa imekufa kweli. Alikuwa amelala chali chini ya moja, miguu nje.

"Mama? Nakuja. Usikae kwenye hicho kiti, kina grisi."

Bi Mvuke hakukaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na alijua akikaa yatampotea. Binti alipotoka akifuta mikono kwa tambara, alimkabidhi mfuko na kuyasema yote kwa mkupuo: dirisha, mapazia, uongo, ile siku basi lilipowashusha. Alisema, "Nilikudanganya, mwanangu. Nimekuwa nikijua kila siku kwamba unajua. Nakuomba unisamehe, na huyu ni wako, ingawa amechelewa."

Mama Spana alifungua karatasi. Alimgeuza mwanasesere juu chini, akamwinua, akaona jicho moja linagoma. Pale pale uso wake ukabadilika ukawa uso wa kazi. Huyu hakuweza kuona kitu kilichokwama akakiacha. Alichukua bisibisi ndogo, akaibandua nywele kwa nyuma palipokuwa na gundi iliyozeeka, akachungulia ndani ya kichwa kama anayekagua kabureta.

"Tazama," alisema. "Macho yamefungwa kwenye waya mmoja, na huku chini kuna kipande kizito cha madini ya risasi. Ukimlaza, ile risasi inaning'inia upande wa pili, macho yanafumba. Huyu ameingiwa na uchafu tu. Nani aliyempa mtoto biskuti karibu naye, sijui." Alitoa makombo kwa ncha ya waya, akadondosha tone la mafuta ya cherehani, akarudisha nywele kwa gundi. Akamlaza kiganjani. Macho mawili yakafumba pamoja. Akamwinua, yakafumbuka pamoja.

"Sasa," alisema, akakaa kwenye kile kiti chenye grisi. "Mama, huyu si wangu."

"Najua si yule yule. Yule..."

"Sisemi hivyo. Yule wa dirishani hakuwa wangu. Mimi sikumtaka. Aliyemtaka ni mdogo wangu."

Bi Mvuke alivuta tairi kuukuu, akakaa.

"Aliona haya kuomba," alisema binti. "Wavulana wa mtaa wangemla mzima mzima. Akanibembeleza nimwombee mimi, halafu akija, mchana awe wangu na usiku awe wake. Tukakubaliana atanioshea vyombo mwezi mzima, maana ilikuwa zamu yangu. Maneno niliyokuambia aliyatunga yeye. Nilikuwa nayasahau, ananifundisha upya nyuma ya nyumba."

"Vyombo," alisema Bi Mvuke.

"Mwezi mzima. Na aliosha hadi siku ya mwisho, hata baada ya kuambiwa ameuzwa, kwa kuwa aliahidi."

Bi Mvuke alikumbuka, na afadhali asingekumbuka. Alikuwa amemsifu yule mtoto uani, mbele ya majirani wote: mwoneni mwanangu, mwanamume wa miaka sita, anaosha sufuria. Naye alikuwa ameinamia beseni, masikio yakimwiva kwa aibu, na wao wakadhani ni haya ya kusifiwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikula kiapo. Tena alinifanya nilambe chumvi." Mama Spana alicheka, halafu akaacha. "Uongo wako uliniuma, sikufichi. Nilinuna siku mbili. Kisha nikasahau, mama. Mimi nilikuwa nataka pampu ya baiskeli."

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli ya nini? Pampu tu. Ile sauti yake."

Pikipiki zilipita barabarani, na binti, bila kujua, aliinamisha sikio kila moja ilipopita.

"Yeye hakuniomba kitu tena," Bi Mvuke alisema polepole. "Viatu vya shule nilikuwa nagundua mwenyewe kwamba vimepasuka. Hata kwenye harusi yake, niliuliza nilete nini, akasema njoo tu."

"Usijitwike na hilo, mama. Yeye alizaliwa mtu wa kimya, na hilo jina la Kimya alipewa na mtaa mzima." Mama Spana alimfunga upya mwanasesere katika karatasi, kwa uangalifu ambao mama yake hakuwahi kuuona kwenye mikono ile. "Lakini mpelekee. Usingoje aje kwako. Mpelekee leo, yuko kwenye ile nyumba mpya ya ghorofa karibu na shule ya msingi, anaweka vigae. Na ukimwambia nimevunja kiapo, mwambie nimekivunja kwa mateso."

*

Ghorofa ya pili ilikuwa bado haina vitasa wala mikono ya ngazi. Bi Mvuke alipanda akiwa ameushikilia ukuta, akipishana na harufu ya rangi na saruji mbichi. Mpaka rangi, kijana mrefu mwenye kofia ya gazeti, alimwonyesha kwa brashi: "Fundi Kimya yuko bafuni, mama. Ukimsikia hayupo, basi yupo."

Mwanawe alikuwa amepiga magoti, mgongo umejaza mlango. Alikuwa mtu mkubwa, wa kubeba mifuko miwili ya saruji kwa safari moja, lakini alivyokilaza kigae ungedhani kiko usingizini na yeye hataki kukiamsha. Alikigonga kwa nyundo ya mpira, akaweka pimamaji juu yake, akatazama lile tone la hewa mpaka likatulia katikati. Ndipo alipogeuka.

"Mama." Alisimama upesi. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Dada mzima?"

"Mzima, anakusalimu. Nimekuja tu."

Alimtazama kwa mashaka. Katika miaka yote ya kazi yake mama yake hakuwa amekanyaga mahali alipofanyia kazi, na watu hawapandi ngazi zisizo na mikono kwa kuja tu. Alipindua ndoo, akaifuta kwa kiganja, akamkalisha.

Safari hii Bi Mvuke hakupanga maneno. Alifungua karatasi, akamkalisha mwanasesere magotini mwake, na kuacha akae.

Kimya alimwangalia yule mwanasesere. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa saruji hadi viwikoni, na aliiinua kidogo mbali na mwili kama anayeogopa kuchafua kitu.

"Huyo aliyemtaka ni dada," alisema hatimaye.

"Dada amekwishasema."

"Alilamba chumvi."

"Ni miaka thelathini, baba. Chumvi nayo inayeyuka."

Kimya alirudi chini. Alichota saruji kwa mwiko, akaitandaza, akachukua kigae kingine. Mama yake alimjua. Angemfukuza kwa maneno angezidi kujifungia, kwa hiyo alisema lake, mara moja, akalimaliza. Alisema kwamba mwanasesere hakuuzwa siku ile, kwamba alisema uongo, na kwamba aliusema kwa ajili ya mapazia.

"Yale ya maua?"

"Yale yale."

"Yalikuwa mazuri," alisema Kimya, na alisema kweli, bila kijembe.

Akagonga kigae. Akaweka vile vijiplastiki vya kutenganisha, kimoja kila kona. Bi Mvuke alikwisha kukata tamaa ya kusikia zaidi, na alikuwa anajiandaa kuinuka, pale mwanawe alipoanza kuzungumza akiwa bado ameinamia sakafu.

"Mimi nilimwona. Siku tuliyopita kwa miguu, nilikuwa upande wa dirisha."

"Ulimwona."

"Nikafikiri ni mwingine. Umesema ameuzwa, basi ameuzwa. Nikajua walikuwa wawili, mmoja kauzwa, na huyu ni mwenzake waliyemtoa ndani wakamweka badala yake. Nikawaza, mama hajui kwamba wako wawili. Angejua angemnunua. Nilitaka kukuambia. Lakini ningekuambiaje, wakati aliyeomba ni dada?"

Bi Mvuke alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Nikampa jina," alisema Kimya. "Pili. Kwa kuwa alikuwa wa pili. Kila tukipita na basi nilikuwa namsalimu moyoni. Hujambo, Pili." Alikoroga saruji ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Siku moja tukapita, hayupo. Safari hiyo aliuzwa kweli. Nilifurahi, unajua. Nilisema amepata kwao."

"Na ulijua lini? Kwamba hawakuwa wawili?"

"Ukubwani. Nilikuwa naweka vigae jikoni kwa watu, sina hata habari, mara likanijia. Nikacheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akaja kuangalia."

"Ulicheka."

"Kwanza nilicheka," alisema Kimya.

Aliiacha hapo, na mama yake hakuuliza kilichofuata baada ya kucheka. Alishuka kwenye ndoo, akapiga magoti kando yake kwenye sakafu isiyo na vigae, kwa shida, mkono mmoja begani kwake.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe hata kabla sijajua," alisema. "Ndiyo maana kichwani mwangu nilimleta huyo wa pili."

Bi Mvuke alilia kidogo, si sana. Aliyejua kulia sana angemwelewa: kuna kilio kinachotoka kama maji ya mwisho ya kusuuzia, masafi, na baada yake nguo inakamuliwa na kuanikwa. Kimya hakujua afanye nini na mikono yake yenye saruji, kwa hiyo aliinamisha kichwa mpaka paji lake likagusa bega la mama yake, wakakaa hivyo.

Ndivyo mpaka rangi alivyowakuta. Alikuwa anatafuta ngazi yake. Aliona mama na mwana sakafuni, halafu akaona, juu ya ndoo, mwanasesere wa gauni la njano amekaa ameangalia ukuta.

"Sasa huyu mtoto wa nani?" aliuliza.

Mdomo wa Bi Mvuke ulifunguka wenyewe. Jibu lilikuwa tayari, jepesi, la kumstahi mwanawe: wa mjukuu wangu, nimempitisha tu hapa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Wangu," alisema Kimya.

Mpaka rangi alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka naye.

"Nilimtaka nikiwa na miaka sita," Kimya alieleza, kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja vipimo vya ukuta. "Sikumpata. Mama ameniletea leo."

Mpaka rangi alivua kofia yake ya gazeti, akaitazama, akaivaa tena. Alionekana kama mtu anayetafuta mzaha mifukoni na kukuta amekuja bila. Mwishowe aliegemea kizingiti.

"Mimi lilikuwa lori," alisema. "Lile la kumwaga mchanga, tela lake linainuka. Mtoto wa mwenye nyumba wetu alikuwa nalo. Alikuwa ananiruhusu nilivute, lakini kumwaga anamwaga yeye." Alitikisa kichwa. "Kumwaga hakuniachia hata mara moja."

Kutoka chini, kwenye tundu la bomba, sauti ya fundi bomba ilipanda kama inatoka kisimani. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu tangu mwanzo.

"Mimi kinanda," ilisema sauti. "Kidogo, vitufe vinane. Shangazi aliahidi kuniletea."

"Akaleta?" aliuliza mpaka rangi.

"Alileta daftari."

Mpaka rangi alicheka mpaka akakaa chini, na Kimya naye alicheka, na Bi Mvuke akatambua kwamba hajui ni lini mara ya mwisho alisikia kicheko cha mwanawe. Kilikuwa chembamba kuliko mwili wake, cha kitoto kabisa.

Kimya alikwenda kwenye pipa la maji akanawa. Alinawa kwa sabuni, akasugua kucha, akanawa tena hadi viwikoni, na mama yake, aliyewahi kuona madaktari wa upasuaji wakinawa, hakuona tofauti. Alijifuta kwa upande safi wa shati. Kisha akamchukua mwanasesere kwa mikono miwili, akamlaza. Macho yakafumba. Akamwinua, yakafumbuka. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu.

"Nilichotaka ni hiki tu," alisema. "Nilikuwa mdogo wa nyumba. Kila mtu ananilaza mimi. Nilitaka na mimi niwe na mtu wa kumlaza."

Alimgeuza, akachunguza mishono ya gauni, akaona ni kazi nzuri, kisha akasitasita.

"Sema," alisema mama yake.

"Gauni lake halikuwa la njano."

"Lilikuwa la njano. Naliona mpaka leo."

"La buluu, mama. Na kola nyeupe. Na vifungo viwili mgongoni."

Bi Mvuke alitaka kubisha, akakumbuka ni nani kati yao aliyekuwa upande wa dirisha.

"Basi nitamshonea la buluu."

"Naomba," alisema Kimya. Alifikiri kidogo, kama anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja kabla ya kupanda, akaongeza, "Na mfuko mbele, kama si shida. Yule wa dirishani hakuwa na mfuko. Nilikuwa naona angehitaji."

"Nipe futikamba nimpime."

Akampa futikamba ya chuma. Walimlaza Pili juu ya kigae kipya, amefumba macho, na Bi Mvuke akapima mabega, akapima kiuno, akapima toka shingoni hadi magotini, huku Kimya akiandika kwa penseli ya ujenzi nyuma ya kipande cha kigae kilichovunjika. Mpaka rangi aliinama juu yao kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba: kola iwe ya duara, ya pembe inazeesha. Huko chini fundi bomba alipaza sauti kwamba anafungua maji sasa, anayejaribu bomba la bafuni ajiweke sawa.

"Bado," alisema Kimya. "Tunapima."

Lakini koki ilikuwa imeshazungushwa. Bomba la ukutani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likatema kutu, kisha likawamwagia wote watatu. Mpaka rangi aliruka, kofia yake ikageuka uji. Bi Mvuke, aliyekwisha kulowa maji mengi kuliko hayo maishani mwake, alibaki pale pale, amelilalia lile gae lenye vipimo ili penseli isifutike. Kimya alisimama katikati ya maji, anacheka, mikono yake mikubwa imenyooshwa juu karibu kufika darini, na Pili juu huko, mkavu, macho wazi.